Kasi Kwanza, Mstari Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kusoma Grini
Mhadhara uliotolewa mbele ya wachezaji, makedi na vijana wanaojifunza gofu



Nimeombwa nizungumze kuhusu kusoma grini na kuboresha ile mikwaju ya mwisho, ya kusukuma mpira hadi shimoni. Nina hoja moja tu leo, na mengine yote ni matawi yake: wengi wetu hukosa shimo kwa sababu tunachagua mstari kabla hatujachagua kasi. Mchezaji anachuchumaa nyuma ya mpira, anafumba jicho moja, anaona njia inayopinda vizuri kuelekea shimoni, anafurahi. Kisha anasimama na kupiga kwa nguvu yoyote itakayomjia mkononi. Ile njia aliyoiona ilikuwa ya mpira mwingine, wenye mwendo mwingine. Mpira wake unapita kando, naye anamlaumu kedi.

Tuanze na hesabu

Uwanja wa par 72 humpa mchezaji mikwaju miwili ya grini kwa kila shimo. Mara 18, hiyo ni 36, nusu ya par nzima. Kutokana na hesabu hiyo watu wamezoea kusema kwamba mashindano yote huamuliwa grini. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alichambua kumbukumbu za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani na kuonyesha kwamba msemo huo umetiwa chumvi. Katika faida ambayo wachezaji bora walikuwa nayo juu ya wenzao, mchango wa grini ulikuwa takribani asilimia 15 tu. Sehemu kubwa ilitokana na mikwaju mirefu, hasa ile ya kuusogeza mpira kwenye grini.

Basi kwa nini tumekusanyika hapa? Kwa sababu mzee wa miaka 65 hawezi tena kupiga yadi 280, na kijana anayeazima fimbo hana seti ya kisasa. Lakini wote wawili wakifika grini wako sawa na yeyote duniani. Hapa hapahitaji misuli wala fedha nyingi. Panahitaji kujua.

Na la kwanza kujua ni nini cha kutarajia. Kwa takwimu za Broadie, mchezaji wa kulipwa wa Marekani akiwa futi 3 kutoka shimoni hutumbukiza mara 96 katika 100. Futi 5, mara 77. Futi 8, mara 50 tu. Futi 10, mara 40. Futi 20, mara 15. Futi 30, mara 7. Hao ni watu wanaokula na kulala gofu, kwenye grini laini kama zulia. Mtu wa hendikapu 18 anayekunja uso kwa kukosa futi 8 anajidai deni ambalo hata bingwa halipi kila siku.

Angalieni tena orodha hiyo, mtaona mahali mikwaju yetu inapovuja. Kutoka futi 30 karibu hakuna anayetumbukiza. Kinachotofautisha wachezaji hapo ni umbali wa mpira wa pili. Anayeuacha futi 2 anamalizia kwa miwili, anayeuacha futi 7 mara nyingi anamalizia kwa mitatu. Na mpira wa futi 30 ukiachwa mbali, fuatilieni chanzo: mara chache ulikwenda kushoto mno au kulia mno kwa futi 7. Kwa kawaida ulipungua, au ulipitiliza. Kosa lilikuwa la kasi.

Mteremko mmoja, mistari mitatu

Shimo la gofu lina kipenyo cha inchi 4.25, yaani sentimita 10.8. Mpira una inchi 1.68. Kwa karatasi, mipira miwili na nusu ingeweza kupita sambamba. Lakini shimo hilo halina upana mmoja kwa kila mpira. Mpira unaofika taratibu huweza kuingia hata ukigusa ukingo. Unaofika kwa kasi hupokewa katikati tu, na ukigusa pembeni huzunguka mdomo wa shimo na kutoka. Mwanafizikia Brian Holmes alipiga hesabu hiyo mwaka 1991: mpira unaobiringika kwa zaidi ya mita 1.63 kwa sekunde huruka shimo hata ukipita katikati kabisa. Kwa hiyo kila anayeongeza nguvu anapunguza shimo lake mwenyewe.

Dave Pelz, aliyekuwa mtafiti wa NASA kabla ya kuhamia kwenye ualimu wa gofu, alijaribu mikwaju mingi na kufikia kipimo ambacho wengi wamekipokea: mpira mzuri ni ule ambao, kama shimo lingezibwa, ungesimama takribani inchi 17 mbele yake. Ukiwa mlegevu kuliko hapo, alama za viatu na vijishimo vya karibu na shimo huuyumbisha. Ukiwa mkali kuliko hapo, shimo linasinyaa na mpira wa kurudi unakuwa mrefu.

Sasa tuweke kasi na mstari pamoja. Chukueni mpira wa futi 10, grini ya kasi ya wastani, na mteremko wa asilimia 2 unaokata njia kutoka kushoto kwenda kulia. Asilimia 2 ni sentimita 2 kwa kila mita, kiasi ambacho jicho lisilozoea halikioni. Ukitaka mpira ufe mdomoni mwa shimo, kwa hesabu ya fizikia unapaswa kulenga takribani sentimita 39 juu ya shimo. Ukitaka kasi ya Pelz, lenga kama sentimita 27. Ukitaka kupiga mpira ambao ungepitiliza futi 3, lenga kama sentimita 22. Grini ni ileile, mpira ni uleule, shimo ni lilelile, na mistari yote mitatu ni sahihi. Mtu akikuuliza, "Huu unapinda kiasi gani?" jibu la haki ni swali: "Unaupiga kwa kasi gani?"

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwenye grini, mwenda pole hupinda zaidi. Mteremko huvuta kila mpira, lakini mpira mwepesi wa mwendo hauachi muda wa kuvutwa. Ndiyo maana mkunjo mkubwa huonekana mwishoni, mpira unapochoka. Anayesoma grini na asome kwa makini zaidi futi 4 za mwisho kuzunguka shimo, kuliko futi 4 za mwanzo mbele ya miguu yake.

Kipimo cha kasi

Mwaka 1935, kwenye US Open iliyochezwa katika uwanja wa Oakmont, Marekani, Edward Stimpson, mmoja wa watazamaji, alimwona mchezaji Gene Sarazen akisukuma mpira ukapitiliza hadi nje ya grini. Stimpson alitaka njia ya kuthibitisha kwamba grini zile zilikuwa na kasi kupita kiasi, akabuni kifaa rahisi: ufito wenye mfereji na kikato cha kushikilia mpira. Unauinua taratibu, na ukifika kama nyuzi 20 mpira unajiachia wenyewe, kila mara kwa mwendo uleule. Futi unazobiringika kwenye tambarare ndizo namba ya kasi ya grini hiyo. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilikiunda upya kwa aluminiamu katika miaka ya 1970 na kuanza kukigawa kwa watunza viwanja mwaka 1978.

Namba hiyo ina maana gani kwetu? Kwenye grini yenye kasi ya 10, mkwaju unaofika futi 10 tambarare utafika kama futi 8 tu ukipanda mteremko wa asilimia 2, na utazidi futi 13 ukiushuka. Kwenye grini yenye kasi ya 7, mkwaju huohuo wa futi 10 utafika futi 8 na nusu ukipanda, na futi 12 ukishuka. Kwa maneno mengine, kadiri grini inavyokuwa na kasi ndivyo kila mteremko unavyokuwa mkali. Mchezaji wa kutoka Dar es Salaam au Mombasa anayekwenda kucheza Nairobi huambiwa mapema kwamba kule juu mpira huruka mbali zaidi kwa sababu ya wepesi wa hewa, naye hubadilisha fimbo. Akifika grini hubaki na mkono wa nyumbani. Nendeni wiki ya mashindano ya Kenya Open mkawatazame mabingwa siku ya mazoezi: hutumia muda mrefu grini wakisukuma mipira kuelekea mahali pasipo na shimo. Wanatafuta kasi. Mistari wataipata baadaye.

Kasi ya grini hubadilika hata ndani ya siku moja. Asubuhi kuna umande, mpira unaburuta. Jua likipanda na upepo ukikausha majani, grini inakimbia. Alasiri majani yamekua kidogo, kasi inashuka tena. Aliyepata kipimo saa 1 asubuhi asikitumie saa 8 mchana bila kukipima upya.

Kusoma kwa macho na kwa miguu

Usomaji huanza kabla ya kukanyaga grini. Ukiwa yadi 50 nyuma, grini nzima iko mbele yako na unaona imeelekea wapi. Ukishaingia ndani, miinuko midogo huficha mteremko mkubwa. Jiulize maji ya mvua yakimwagika hapa yatakimbilia wapi. Aliyeijenga grini alilazimika kujiuliza swali hilo kabla yako, kwani grini inayotuama maji hufa. Jibu lake ndilo mteremko wako.

Kisha pita upande wa chini wa njia ya mpira, kati ya mpira na shimo. Mteremko huonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka chini, kama ukurasa ulioinamishwa kumwelekea msomaji. Halafu tumieni miguu. Mark Sweeney, mwanzilishi wa mbinu ya AimPoint, amewafundisha wachezaji wengi, Adam Scott akiwa mmoja wao, kusimama kwenye njia yao wenyewe na kuhisi ni mguu upi unabeba uzito. Mbinu hiyo ina hesabu zake za vidole, ila msingi wake unamfaa yeyote: macho hudanganywa na vilima, miti na bahari ya mbali, nyayo hazidanganywi kwa urahisi. Ila angalieni msikanyage njia ya mwenzenu.

Sasa nitawapa jaribio moja ambalo ukilifanya utaelewa zaidi ya maneno yangu yote. Tafuta shimo la mazoezi lenye mteremko usiobadilika. Tafuta njia ambayo mpira unaposhuka haupindi kushoto wala kulia. Hiyo ndiyo njia ya maji. Panga mipira 8 kuzunguka shimo, yote futi 6, kama namba za saa, 12 ikiwa upande wa juu. Anza na mpira wa pembeni kabisa, saa 3. Upige kwa kasi ya inchi 17 hadi upate alama unayopaswa kulenga, kisha chomeka tii hapo juu ya shimo. Piga mipira mingine, kila mmoja ukiulenga kwenye tii ileile. Utaona kwamba wa saa 9, wa saa 2, wa saa 4, yote inaitaka tii hiyohiyo, au karibu yake sana. Kuzunguka shimo, kwa umbali mmoja na mteremko mmoja, kuna alama moja ya kulenga, nayo iko juu ya shimo kwenye njia ya maji. Ukiipata alama hiyo kwa mpira mmoja, umesoma mipira yote iliyo kwenye duara hilo.

Hapo utagundua pia kwa nini wengi wetu hukosea upande wa chini. Tunalenga karibu mno na shimo. Mpira unaopita upande wa juu bado una nafasi ya kuanguka ndani hadi hatua ya mwisho. Ukishapita upande wa chini, kila inchi unayobiringika inauondoa zaidi.

Majani yanayolala

Baadhi ya viwanja vya zamani vya Afrika havikuwa na majani kwenye grini. Vilikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, unaosawazishwa kwa buruta kabla ya kupiga. Pale kulikuwa na mteremko na kasi tu. Majani yalipokuja yalileta jambo la tatu: ulalo.

Ukoka tunaoujua sote, unaotambaa uani na kandokando ya barabara, asili yake ni Afrika. Huko Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, mtafiti Glenn Burton na wenzake waliuchanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini na kupata aina fupi na laini za kufaa grini. Tifgreen ilitoka mwaka 1956 na Tifdwarf mwaka 1965. Aina za ukoo huo zimeenea katika nchi za joto dunia nzima. Pinehurst No. 2, uwanja wa Marekani ulioandaa US Open mwaka 2024, ulikuwa na grini za ukoka wa ukoo huo. Kwa hiyo mkiambiwa gofu ni mchezo wa kigeni, waambieni zulia lake limetoka kwetu.

Ukoka hutambaa, na majani yake hulala upande mmoja. Mpira unaokwenda na ulalo hukimbia, unaokwenda dhidi yake hukwama, na ulalo ukikata njia huuvuta mpira uelekee yanakolalia. Kuutambua si kazi. Simama nyuma ya mpira: majani yakimeta, yamelala kuelekea mbele yako. Yakionekana ya kijani kizito, yamelala kukuelekea. Ukibaki na shaka, chunguza mdomo wa shimo. Shimo likishakatwa asubuhi, hadi mchana upande mmoja huwa safi na mkali, na upande wa pili umechakaa na majani yamekauka kidogo. Majani yanalalia upande uliochakaa. Wachezaji wengi husema ulalo hufuata jua linakotua au maji yanakokwenda. Ni dalili za kuanzia, lakini shimo lenyewe ni shahidi bora.

Kwenye grini fupi na yenye kasi ulalo hupungua nguvu. Kwenye grini ndefu za baadhi ya viwanja vyetu, unaweza kufuta kabisa mteremko mdogo. Ndiyo maana mgeni husoma mpira unapinda kulia, kedi mwenyeji anasema unakwenda moja kwa moja, na kedi ndiye anayekuwa sahihi.

Mkono

Nitasema kidogo kuhusu mkono kwa makusudi, kwani huko ndiko wengi hupoteza muda. Jambo la msingi ni moja. Mpira huanza safari yake karibu kabisa na mwelekeo wa uso wa fimbo wakati wa kugonga. Njia ambayo fimbo inapitia ina mchango mdogo. Kutoka mita 3, uso ukikosea kwa nyuzi 1 mpira utakuwa nje kwa sentimita 5.2 ukifika shimoni. Nusu ya shimo ni sentimita 5.4. Kwa hiyo kosa lako lote linaloruhusiwa kutoka futi 10, kwenye tambarare, ni nyuzi 1 hivi.

Mazoezi yake ni lango. Chomeka tii mbili, moja kila upande wa kichwa cha fimbo, ziache nafasi ndogo, upige bila kuzigusa. Tiger Woods amefanya zoezi hili kwa miaka mingi. Halafu fanya ngazi: weka tii futi 10, 20 na 30, bila shimo, na upige mpira usimame kwenye kila tii. Tumia mpira mmoja badala ya mitatu, kwa kuwa uwanjani hakuna nafasi ya pili.

Na mpira mfupi usidharauliwe. Mwaka 2024 pale Pinehurst, Rory McIlroy alikuwa ametumbukiza mipira yake yote 496 ya ndani ya futi 3 msimu ule. Kwenye shimo la 16, siku ya mwisho, alikosa wa futi 2 na nusu. Kwenye la 18 akakosa wa futi 3 na inchi 9, na Bryson DeChambeau akashinda kwa mkwaju mmoja. Mpira mfupi wa kuteremka kwenye grini ya kasi unataka uamuzi uleule: kasi gani, kisha mstari upi.

Neno kwa makedi

Namalizia na nyinyi, ndugu zangu makedi. Tangu mwaka 2019 sheria imekataza kedi kusimama makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari wakati mchezaji anapoanza kujipanga kupiga. Na tangu mwaka 2022 mashindano makubwa ya kulipwa yamevibana vitabu vyenye ramani za kina za miteremko ya grini. Lengo ni lilelile: kusoma grini kubaki kazi ya macho, miguu na kumbukumbu. Hiyo ndiyo kazi yenu, nayo imepanda thamani.

Kwa hiyo badilisheni mazungumzo. Bosi akiuliza, "Vipi huu?", msimjibu "kikombe kimoja kushoto", yaani upana wa shimo moja, na kunyamaza. Mwambieni kasi kwanza: "Unateremka, mzee, mpe mguso mwepesi, ufie mdomoni. Kwa mwendo huo, vikombe viwili kushoto." Akisema anapenda kupiga kwa nguvu, punguzeni kikombe. Nanyi wachezaji, mwambieni kedi mnakusudia kasi gani kabla ya kumwuliza njia. Mkishaafikiana, piga. Sheria inashauri sekunde 40, zinatosha.

Ombi langu kwa Kepteni na kamati ni dogo. Klabu ipime kasi ya grini kila asubuhi na iandike namba hiyo kwa chaki kwenye ubao wa kibanda cha makedi na mahali pa kuanzia. Haigharimu chochote zaidi ya ule ufito na dakika chache. Kila mchezaji atakayepita hapo atalazimika kufikiria kasi kabla hajafikiria mstari, hata yule ambaye hakuhudhuria mhadhara huu.

Maswali yenu nitayapokea kwenye grini ya mazoezi, kila mmoja na aje na fimbo yake na mpira mmoja.